Fidia ya Versailles: hesabu iliyoua marki

Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Miaka 8 tu baadaye Mkataba wa Versailles uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, kifungu cha 119, ukawanyang'anya koloni zima, na mashamba ya walowezi wao huku Kilimanjaro yakauzwa kama mali ya adui. Hilo ndilo tunalolikumbuka. Balaa lenyewe lilikuwa kwenye hesabu.

Mwaka 1921 Ujerumani ilipangiwa na washindi wa vita fidia ya marki (sarafu yake) bilioni 132, zenye thamani ya dhahabu. Usishtuke: bilioni 82 zilikuwa hati za deni za fungu C, ambazo hazikutarajiwa kulipwa, za kutuliza wapiga kura wa nchi washindi tu. Deni la kweli lilikuwa bilioni 50. Malipo: bilioni 2 kwa mwaka, pamoja na asilimia 26 ya thamani ya mauzo ya nje.

Tatizo? Marki za karatasi hazikupokelewa. Mkulima wa kahawa Machame analijua hili: dola huipati mpaka mzigo uuzwe nje. Wadai nao hawakutaka bidhaa za Kijerumani zifurike sokoni kwao. Basi serikali ikachapa noti, ikanunulia fedha za kigeni, marki ikazidi kuporomoka. (Ugonjwa ulianza zamani, vita yenyewe iliendeshwa kwa mikopo.)

Januari 1923, malipo yalipochelewa, Wafaransa na Wabelgiji wakaingia kijeshi Ruhr, eneo la makaa ya mawe na viwanda la Ujerumani. Wafanyakazi wakagoma, serikali ikawalipa kwa noti mpya. Kufikia Novemba, dola 1 ilikuwa marki trilioni 4.2. Ikaletwa sarafu mpya, Rentenmark: sufuri 12 zikafutwa.