Mgebuka Mwenye Mikono ya Sokwe

Mwaka 2011, nikisomea ualimu mjini Kigoma, mwalimu wetu wa sanaa alitupitishia darasani nakala za picha za Wangechi Mutu, msanii aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, akamtaka kila mmoja wetu aandike ukurasa mmoja wa mwitikio wake. Zilikuwa kazi za mwaka 2006, picha 12 ambazo msanii alizijenga juu ya michoro ya kale ya vitabu vya tiba kwa kubandika vipande alivyovikata magazetini, hata zikatokea nyuso ambazo hazikuwa za mtu kamili wala za mnyama kamili. Niliandika kwamba viumbe wale wanatisha na kwamba sura ya binadamu imeharibiwa, na nilikiamini kila nilichokiandika. Karatasi iliporudi ilikuwa na sentensi moja tu ya wino mwekundu: “Umeniambia umeogopa, sasa nioneshe ni mahali gani hasa katika picha palipokuogopesha.”

Sikuweza kupaonesha.

Wiki iliyofuata tulijifunza kuchapa picha kwa kuchonga. Hatukuwa na mbao laini wala vyuma vya kuchongea, kwa hiyo kila mwanafunzi alileta soli ya kandambili kuukuu, wembe na msumari. Kanuni yenyewe ni ile aliyoitumia Albrecht Dürer huko Ujerumani mwaka 1515 alipochora juu ya ubao kifaru ambaye hakuwahi kumwona kwa macho yake, akamwongezea pembe ndogo mgongoni: kinachochongwa hubaki cheupe, kinachoachwa hupokea wino, na picha hutoka imegeuka, kulia kukawa kushoto. Kosa la wembe halifutiki.

Nilichagua kuunganisha viumbe wawili wa kwetu, mgebuka wa Ziwa Tanganyika na sokwe wa Gombe, nikitaka samaki awe na mabega na mikono ya sokwe. Jaribio la kwanza lilinikatisha tamaa, kwa sababu nilichonga mstari mmoja mrefu kati ya magamba na manyoya, na nilipopaka wino, nikalaza karatasi na kuisugua kwa mgongo wa kijiko, alitokea samaki aliyevalishwa koti. Nilimwangalia kwa muda mrefu, nikaikumbuka picha ya Buraki iliyokuwa ukutani kwa bibi yangu Ujiji tangu kabla sijazaliwa, mnyama mwenye uso wa binadamu ambaye hakuna aliyemwogopa nyumbani kwetu. Mchoraji wake alikuwa amemvisha mikufu mingi shingoni, mahali pale pale ambapo mtu huishia na mnyama huanza. Hapo ndipo nilipolielewa swali la mwalimu. Wangechi Mutu hakuvisha mkufu wowote. Aliyaacha makali ya mkasi yaonekane, na kilichoniogopesha kilikuwa kiungo chenyewe, kilichoachwa wazi bila kufunikwa.

Katika soli ya pili sikuchonga mpaka. Magamba niliyachonga kama miezi midogo, na kadiri nilivyolikaribia bega nilizidi kuifungua miezi hiyo, ikanyooka kidogo kidogo hadi ikawa mikato mifupi ya manyoya, na kwa upana wa vidole viwili hivi hapakuwa na mkato ambao ungeweza kusema ni wa samaki au ni wa sokwe. Kazi hiyo ilinichukua jioni tatu, na sehemu kubwa ya muda huo ilikwenda katika vidole viwili hivyo. Wino ni mmoja na unapita juu ya wote wawili kwa mpako mmoja, na nadhani hii ndiyo nguvu ya chapa ambayo ubandikaji hauna: inawalazimisha viumbe wawili kuwa na ngozi moja.

Ukurasa wangu niliuandika upya, safari hii nikianzia kwenye makali ya mkasi. Chapa moja nilimpelekea bibi. Aliisogeza dirishani, akapitisha kidole kutoka mkiani hadi begani, akarudi nyuma, akapitisha tena.

“Mjukuu wangu,” akaniuliza, “huyu akivuliwa, mvuvi atamshika wapi?”

Nikaweka kidole changu kando ya chake, pale ambapo magamba yalikuwa yameanza kunyooka.