Sapu ya majeraha niliisomea mgongoni kwa bibi

Naanza na aibu. Mwaka wa kwanza wa uuguzi, hapa Mtwara mjini, nilipata sapu, yaani mtihani wa kurudia, ya somo la majeraha. Swali: mkulima kajikata na panga shambani, taja aina ya jeraha. Nikaandika kwa mbwembwe, "jeraha safi", maana kingo zimenyooka. Kumbe kwa umbo ni jeraha la mkato, lakini kwa usafi limeshachafuliwa, lina udongo wa shamba. "Jeraha safi" ni la chumba cha upasuaji, vifaa vimetakaswa, na daktari hakufungua utumbo wala njia ya hewa au ya mkojo. Jeraha moja lina majina matatu manne, inategemea umeulizwa nini. Wenzangu walinishauri nikariri tu. Nilikariri, ndiyo nikafeli.

Likizo ikanikuta nyumbani Tandahimba, msimu wa korosho, na nyumba nzima ikawa mtihani. Mdogo wangu ana mchubuko wa goti. Mama kachomwa na msumari, jeraha la tundu, dogo kwa macho lakini ndilo la kukimbizia sindano ya pepopunda. Mjomba viganja vimebabuka, majirani wanasema moto, na wala hakuwa karibu na moto: alikuwa anabangua korosho, mafuta ya ganda yakamla. Hiyo ni kuungua kwa kemikali.

Ila mwalimu wangu hasa ni bibi. Alikuwa amepooza upande mmoja kwa kiharusi, analala chali siku nzima. Kitabu kinasema kidonda cha mgandamizo, kile cha kulalia sehemu moja muda mrefu, daraja la kwanza ngozi haijachanika, ina wekundu usiopotea ukibonyeza. Wekundu! Bibi yangu ni mweusi kama mpingo. Nilibonyeza juu ya makalio mpaka akauliza, "Mjukuu wangu, umepoteza nini huko?" Nikaacha macho, nikatumia mgongo wa kiganja. Pale kwenye mfupa palikuwa na joto kuliko ngozi ya pembeni, tena pagumu. Nikajua ndipo.

Hapo mama mkubwa akaja na ujuzi wake: tusokote kanga iwe ngata, bibi aikalie, mfupa uelee. Ilisikika vizuri hata mimi msomi nikakubali, tena nikaisokota mwenyewe kwa kanga mpya ya bibi ya doti, duara zuri kama la kuchotea maji. Siku mbili nilijisifu. Asubuhi ya tatu nikamgeuza: ngozi ya juu imebanduka, ya ndani inaonekana mbichi. Daraja la pili, kwa mikono yangu. Ngata inabana pande zote, damu haifiki katikati. Kidonda kikifika kwenye mafuta ni daraja la tatu; misuli au mfupa, la nne. Sikutaka kwenda kuyaona.

Mtu mwingine akaleta spiriti. Nilimrudisha mlangoni, samahani yake. Kidonda kilikuwa chekundu, na wekundu wa ndani ya kidonda ni nyama hai, haitaki spiriti. Ya njano au nyeusi ndiyo ya kuhangaikia. Nikaosha kwa chupa ya maji ya chumvi ya dukani, gozi ya kufungia vidonda juu. Vyote na bodaboda haikufika elfu thelathini, nadhani.

Kazi ilikuwa kumgeuza kila saa mbili. Nyumba ina watu saba na kila ukiuliza unaambiwa "tumeshamgeuza", bibi mwenyewe anacheka. Basi nikachukua chaki, nikaandika mlangoni K, M, S: kulia, mgongo, kushoto, na saa pembeni, na kila aliyegeuza aweke herufi ya jina lake. Mjomba alikuta mstari wake mtupu mbele ya wageni. Hakurudia. Mito ya sufi nyuma ya mgongo, alale kwa mshazari, asilalie nyonga moja kwa moja. Mto mwingine chini ya kigimbi ili kisigino kisiguse godoro. Wiki ya sita hivi kidonda kikafunga.

Sapu nilipata 64. Nikampigia bibi.

"Kati ya ngapi?"

"Mia, bibi."

"Basi hizo 36 ni za ile ngata. Na kanga yangu iko wapi?"