jQuery: kushika kitu kimoja tu ndani ya vingi

Kwa wale benye banaanza jQuery (maktaba ya JavaScript ya kushika na kubadilisha vitu vya paje ya web) hapa Bukavu, kuna jambo moja nataka tuelewane vizuri, juu karibu kila mwenye ananiuliza swali anakuwa amekwama palepale. Unaandika $('.bei'), ni kusema vitu vyote vyenye klasi bei, na unafikiri umeshika bei moja, kumbe jQuery imekupa kifurushi, na ndani yake munaweza kuwa kitu kimoja, munaweza kuwa makumi mawili, munaweza hata kukosa kitu kabisa na haitakuambia kosa lolote, itanyamaza tu. Njo maana unabonyeza na hakuna kinaonekana. Anza na $('.bei').length, ikikupa 0 basi haukushika kitu, pengine jina liliandikwa mubaya ao skripti ilitangulia paje yenyewe.

Tuseme uko na orodha ya bei za soko ya Kadutu: sambaza, makala, unga ya mihogo, maharagi, kila moja na li yake (tagi ya HTML ya kitu kimoja cha orodha) yenye klasi bei. Unataka unga, ya tatu. Ni $('.bei').eq(2), juu hesabu inaanzia 0. Na eq inakuachia bado kifurushi, sasa chenye kitu kimoja, kwa hiyo unaendelea na .text() ao .hide() bila shida. Lakini ukiandika $('.bei')[2] ao .get(2) umeshatoka nje ya kifurushi, uko na elementi yenyewe ya DOM (paje vile browser inaishika ndani yake), ukiiita .hide() itakataa, hapo ni textContent na style njo zinafanya kazi. Hii tofauti inasumbua batu kuliko zingine zote, ikae kichwani.

:nth-child, selekta ya CSS yenye unaandika ndani ya $('...'), nayo inaanzia 1, na inahesabu watoto wote wa muzazi, hata wale hawana klasi yako. Na :eq ya kuandika ndani ya selekta uiache, haiko ya CSS, na tangu jQuery 3.4 walishasema isitumiwe tena.

Mimi namba naziogopa sana kwa paje yenye inabadilika. Mtu akiongeza mchele pale juu ya orodha, eq(2) yako inakuwa makala, na muteja anasoma bei ya uongo! Weka data-bidhaa="unga" kwenye li, kisha $('[data-bidhaa="unga"]'), hapo waongeze chochote. Na kama ni butoni ndani ya li njo imebonyezwa, $(this).closest('li') inakupa li yake tu, hakuna kuhesabu.

John Resig alitoa jQuery mwaka 2006, wakati kila browser ilikuwa na mambo yake. Leo document.querySelector inakupa elementi ya kwanza moja kwa moja, ao null ikikosa. Kama paje yako ni mupya na unashika vitu viwili vitatu tu, tumia hiyo, juu jQuery hata ikibanwa ni kilobaiti kama 30, na mwenye kufungua paje analipa mega zake.