Shangazi na Biblia Iliyorushwa

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, nimeokoka, tena nikiongoza maombi katika ushirika wa vijana, na hadi wakati huo sikuwa nimewahi kuona filamu inayowahusu watu kama sisi. Binamu yangu ndiye aliyeileta DVD ya Saved!, filamu ya Kimarekani ya mwaka 2004 iliyoongozwa na Brian Dannelly, akatuambia kwamba ni ya vichekesho na kwamba ingekuwa heri mama yake, ambaye ni shangazi yangu na mzee wa kanisa, asiione. Tukaiweka mara tu alipotoka kwenda kwenye kikao cha wazee.

Filamu inamfuata Mary, msichana wa shule ya sekondari ya Kikristo, ambaye mpenzi wake Dean anamfichulia kwamba anavutiwa na wavulana. Wakiwa ndani ya bwawa la kuogelea, Mary anajigonga kichwa, anamwona Yesu katika maono, na anatoka majini akiamini ametumwa kumponya kijana huyo kwa kulala naye. Dean anapelekwa na wazazi wake kwenye kituo cha kurekebishwa hata hivyo, na Mary anabaki na mimba. Mwanzoni tulicheka mpaka machozi, hasa pale mkuu wa shule, Mchungaji Skip, anapohubiri kwa misemo ya vijana ili aonekane mwenzao, kwa sababu wahubiri wa namna hiyo tulikuwa tumewasikia sisi wenyewe makambini.

Kicheko changu kilianza kukatika Mary alipoanza kulificha tumbo. Miezi michache kabla ya jioni ile, msichana mmoja wa kwaya yetu, aliyekuwa akiimba sauti ya pili kando yangu, alitengwa na ushirika kwa kosa lile lile. Jina lake lilisomwa mbele ya waumini wote baada ya matangazo ya kawaida, kisha ibada ikaendelea na sadaka. Mvulana hakutajwa. Joho la msichana yule lilibaki kwenye msumari wake katika chumba cha kwaya, na kola yake ilikuwa bado na alama ya poda, na kila Jumapili tulivaa yetu tukilikwepa kwa macho.

Shangazi alirudi mapema kuliko tulivyotazamia. Aliingia wakati Hilary Faye, kiongozi wa wasichana wacha Mungu pale shuleni, aliyekwisha kumkamata Mary kwa nguvu ili amtoe pepo, anaposhindwa kumtuliza na kumrushia Biblia mgongoni huku akipiga kelele kwamba yeye amejaa upendo wa Kristo. Mary anaiokota na kumwambia kwamba kitabu kile si silaha. Binamu alinyoosha mkono azime, lakini shangazi akamzuia.

“Rudisha nyuma kidogo, mwanangu. Nataka kuona alichorusha.”

Akaketi, kitambaa bado kichwani na mkoba mapajani, akatazama hadi mwisho bila kucheka hata mara moja. Nilimweleza yaliyotangulia kwa sauti ya chini, nami nilipofika kwenye mimba alinyamaza kwa muda, kisha akaniambia niendelee.

Filamu ilipokwisha nilitegemea kuonywa kwamba tumeangalia kitu kinachomdhihaki Mungu. Mimi mwenyewe sikuona hivyo, wala sioni hivyo hadi leo. Dannelly alisoma katika shule ya Kikatoliki na baadaye sekondari ya Kibaptisti, na ndiyo maana tashtiti yake inapiga mahali penyewe: anayechekwa ni mtu anayelishika jina la Mungu ili ampigie mwenzake, na Mary, pamoja na mashaka yake yote, haachi kumtafuta Mungu. Nilimwambia shangazi hivyo, kwa heshima lakini bila kuficha, nikaongeza kwamba kwangu mimi mashaka ya Mary yalikuwa na uzito kuliko uhakika wa Hilary Faye.

Alikubali kwa sehemu. Kilichomkera kilikuwa kingine kabisa, ambacho sisi vijana tulikipita bila kukitazama. Mchungaji Skip ana uhusiano na mama yake Mary ilhali bado ni mume wa mtu, na mwisho tunamwona amesimama nje ya hospitali na maua mkononi, akisita kuingia, huku ndani Mary amejifungua mtoto wa kike.

“Msichana ameaibishwa mbele ya shule nzima,” alisema, “na mchungaji anapewa nafasi ya kufikiri taratibu. Huyo nani amemhoji?”

Binamu alijibu kwamba filamu ni fupi, haiwezi kumaliza kila jambo. Shangazi hakumsikiliza. Alinigeukia mimi.

“Na yule mwenzenu wa kwaya, ni nani kati yenu aliyekwenda kumwona?”

Hakuna aliyekuwa amekwenda. Alisimama, akasema kwamba hata yeye hakwenda, ingawa aliketi katika kikao kilichomtenga na aliinua mkono pamoja na wengine. Siku iliyofuata tulikwenda naye, tukapokewa na mama wa msichana aliyetuacha mlangoni kwa muda mrefu kabla ya kutukaribisha. Katika kikao kilichofuata cha wazee, shangazi aliuliza kwa nini jina la mvulana halikusomwa, akajibiwa kwamba shauri hilo lilikwisha kuamuliwa. Akaomba swali lake liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, na mwezi uliofuata akaliuliza tena.