Illinois wamefuta dhamana ya pesa, na sisi je?

Jamani, Illinois kule Marekani tangu 18 Septemba 2023 hakuna tena dhamana ya pesa, ndio jimbo la kwanza kuifuta kabisa, na hapa Malindi naona wengi hii habari haijawafikia. Sio eti kila mtu anaachiliwa ovyo, la. Upande wa mashtaka ukitaka mtu abaki ndani lazima uombe, umuoneshe jaji kwamba huyu ni hatari kwa watu ama atatoroka. Pesa za mfukoni hazihesabiwi. New York nao walianza kupunguza dhamana Januari 2020 kwa makosa mengi madogo, halafu sheria yenyewe wakairekebisha tena na tena.

Sasa kwetu. Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inataka masharti ya dhamana yawe ya kiasi, maneno mazuri kabisa, lakini jirani yangu kijana wake wa boda kashikwa, bondi, yaani ile ahadi ya maandishi kwamba atarudi kortini, inataka hati ya shamba, na shamba wanalilima tangu enzi za babu ila hati hawana, kama familia nyingi tu za Pwani. Mama wa watu akaenda na barua ya chifu ndani ya bahasha ya kaki, karani akaigeuza nyuma na mbele, akamrudishia.

Kijana yuko rumande, hajahukumiwa lolote! Na sheria inaruhusu hakimu kumuachilia mtu kwa bondi yake mwenyewe bila mdhamini, sasa kesi ndogo kama hii inakwama wapi?