Kwikwi ya gari iliyokuja vijijini tu

Miezi miwili gari langu lilininyima raha. Ni gari dogo la mwaka 1998, la kukanyagia mafuta kwa kebo, na kila mwezi namtoa nalo mama mkwe Lindi kumpeleka kliniki Mtwara. Katikati ya safari linakata pumzi, linashtuka, halafu linaendelea kama kawaida. Taa ya injini haiwaki. Nikilifikisha kwa fundi, linatulia tuli. Plagi tulibadilisha, filta ya mafuta tulibadilisha. Fundi akasema sasa imebaki pampu.

Hela ya pampu nilishaitenga siku mama mkwe aliponiuliza, "Baba, mbona linapata kwikwi tukipita vijijini tu? Mlimani Mikindani limepanda vizuri."

Swali hilo lilinikosesha usingizi. Pampu ikichoka, gari hulegea mlimani, injini inapodai mafuta mengi. Langu lilikuwa linashtuka kwenye vibao vya mwendo wa 50 vijijini, mguu umekanyaga kidogo na umetulia palepale. Basi nikaishuku sensa ya throto, ule mlango wa hewa ya injini unaofunguka ukikanyaga mafuta; sensa yenyewe mafundi wanaiita TPS. Ndani yake kuna kidole kinachoteleza juu ya njia ya kaboni kadiri unavyokanyaga, na volti inayotoka ndiyo inayoiambia kompyuta umekanyaga kiasi gani. Mguu ukizoea sehemu moja miaka yote, njia hulika hapo.

Soketi niliifungua kwanza, maana hewa ya chumvi ya huku inakula shaba. Ilikuwa safi. Nikatikisa waya, hakuna badiliko. Nikachomeka pini nyembamba nyuma ya waya wa ishara, nikafungua swichi bila kuwasha injini. Mita yangu ya umeme, ya namba, haikuona kitu: volti 0.5 mguu ukiwa juu, 4.4 ukikanyaga hadi mwisho. Mita ya namba huchelewa kusoma, na hitilafu ya kufumba na kufumbua inaipita.

Nikaazima mita ya mshale kwa fundi redio. Injini ikiwa bado moto, nikasukuma throto kwa kidole polepole sana. Mshale ukapanda vizuri hadi kwenye volti 1 na kidogo, ukaanguka karibu na sifuri, ukarudi. Nikarudia mara sita. Mara nne ulianguka, palepale.

Sensa nyingine niliipata ya mtumba, na niliipima kwa mshale huohuo kabla ya kulipa. Ukiifunga usikaze skrubu mbili zile haraka. Matundu yake ni marefu, izungushe hadi usome 0.5 kwanza, la sivyo sailensa, yaani mzunguko wa injini mguu ukiwa juu, inapanda.

Ile ya zamani niliipasua kwa kisu. Njia nyeusi ya kaboni ilikuwa inang'aa vizuri, isipokuwa karibu na mwanzo, palipokwanguka pakawa peupe, padogo kuliko punje ya mchele. Nilimpelekea mama mkwe akaione.