Nilivyouokoa mkono wangu baada ya kuumwa na farasi

Mimi ni saisi, nafanya kazi kwenye mabanda ya farasi huko Karen, Nairobi. Mateke nimeyazoea. Jino la farasi ndilo lililonilaza hospitalini.

Farasi hachomi kwa meno kama mbwa. Hubana na kuponda. Ngozi inaweza kupasuka kidogo tu, lakini nyama ya ndani imesagika, damu haifiki vizuri, na hapo ndipo bakteria hustawi. Dume lililoniuma lilikamata mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Wenzangu wakaanza: fungua kapsuli umwagie unga wake, paka majivu, kaza kitambaa! Ushauri huo unanikera hadi leo. Niliosha kwa sabuni na maji ya bomba yanayotiririka, kama robo saa hivi, kisha nikaenda zahanati.

Nikawaambia wazi kwamba ni farasi. Wakashona jeraha likafungwa kabisa, wakanipa vidonge vya maumivu, basi. Jeraha la kuumwa, tena lililopondeka, mara nyingi huachwa wazi ili uchafu utoke. Langu lilifungiwa uchafu ndani. Mkono ukavimba hadi vidole havikunjiki, wekundu ukapanda kuelekea begani, homa ikanitetemesha usiku kucha.

Kwenye hospitali kubwa daktari mmoja, binti mdogo tu, aliutazama akauliza, "Baba, ni mbwa?"

"Ni farasi, daktari."

Alikata nyuzi zote. Usaha ulimwagika, na maumivu yakapungua papo hapo. Kabla ya kunianzishia dawa ya mshipani alichukua usaha upelekwe maabara, na kwenye fomu akaandika kwa herufi kubwa: FARASI. Namshukuru kwa neno hilo moja. Maabara walikuta Actinobacillus, bakteria wanaoishi kinywani mwa farasi bila kumdhuru. Akanieleza pia kuhusu Streptococcus zooepidemicus, wanaokaa puani na kooni mwa farasi mzima wa afya; kwa binadamu ni nadra, ila wakiingia kwenye damu wanaweza kufika hadi utando wa ubongo. Nilichomwa sindano ya pepopunda, maana vijidudu vyake hukaa kwenye utumbo na samadi ya farasi, na mbegu zake huishi udongoni miaka mingi. Akauliza pia kama dume lile lina chanjo ya kichaa cha mbwa. Farasi naye huupata.

Nyumbani niliambiwa nikisafishe kidonda kila siku, na hapa najivunia. Kumimina maji kwa kikombe hakutoi uchafu wa ndani. Nilichukua chupa ya plastiki safi, nikatoboa kifuniko tundu moja dogo kwa sindano iliyochemshwa, nikajaza maji yaliyochemshwa yakapoa. Ukiiminya, maji yanaruka kwa nguvu, yanaingia kwenye kila kona na kung'oa utando wa njano. Muuguzi wa kliniki alipoona nyama nyekundu safi aliniomba nimwonyeshe chupa.

Gharama ilikula karibu mshahara wa mwezi, nyingi ikiwa kitanda na maabara. Vidonge vya kuua bakteria nilimaliza vyote, hata baada ya maumivu kuisha.

Siku hizi kadi yangu ya chanjo ya pepopunda ninayo kwenye pochi. Kwa jeraha chafu, kama umepita miaka 5 tangu sindano ya mwisho, unachomwa nyingine. Muulize daktari, na umwambie ni farasi hata kama hajauliza.